Mtoto Anayetazama Midomo

Mama yake Chiriku alikuwa na kesi moja dhidi ya mama yake mzazi, na kesi hiyo haikuwa na mwisho: bibi na mjukuu walimsengenya mbele ya macho yake, kwenye meza yake mwenyewe, naye asisikie kitu.

"Mmeanza tena," alisema Jumamosi ile, kijiko kikiwa hewani. "Naona midomo inavyocheza. Mnasema nini?"

"Nani kasema?" Bibi aliuliza, uso mkavu kama wa shahidi wa kununuliwa.

Chiriku aliangua kicheko. Alikuwa na miaka tisa, na jina hilo alipewa kwa sababu tangu aanze kusema hakuwahi kunyamaza. Sasa hivi tu Bibi alikuwa amemwambia kutoka upande wa pili wa meza, bila kutoa sauti hata chembe: Mama yako ametia chumvi mara mbili. Naye akajibu vivyo hivyo, kwa midomo mitupu: Kula tu, mke mwenzangu, usije ukamuudhi.

Midomo hiyo ilitoka kiwandani. Bibi alifuma nguo miaka ishirini na sita katika ukumbi wenye mashine mia mbili na arobaini, na mashine hizo zikipiga zote kwa pamoja, mtu hasikii hata kilio chake mwenyewe. Wafumaji wakajifunza kusemezana kwa midomo. Neno unaliumba, unalitanua kidogo, unamwonyesha mwenzako. Kwa njia hiyo walipashana habari za ndoa na za misiba, wakaonyana kwamba nyapara anakuja. Nyapara mwenyewe alipita katikati yao akitukanwa kushoto na kulia, akidhani wanatafuna kitu.

Waliwahi kuomba vizibo vya masikio. Bibi ndiye aliyeandika barua, kurasa mbili, saini arobaini na moja na alama za dole gumba kumi na saba. Meneja aliisoma, akaifutia miwani yake, akairudisha mezani. "Mtazoea," alisema. Kiwanda kizima cha pamba, na hawakupewa pamba ya kuziba sikio. Waliiokota sakafuni wakajisokotea wenyewe. Tangu siku hiyo Bibi akaitwa Bi Barua, na akahamishiwa kona yenye mashine mbovu kuliko zote. Na kweli walizoea, maana sikio lililokufa halilalamiki. Alistaafu akiwa na sikio la kulia lenye kubahatisha, na la kushoto ambalo kazi yake ilibaki kushikilia hereni.

Ndiyo maana aliufurahia sana mchezo ule wa midomo. Mwanzoni Chiriku alikuwa hovyo. Ukimwambia habari ya viatu anajibu habari ya viazi. Lakini tangu mwaka huu uanze alikuwa moto. Alikamata kila neno mara ya kwanza, hata Bibi akisema kwa haraka, hata akisema na chakula mdomoni. Bibi alimtangaza kwa majirani. Mtoto ana kipaji, alisema, angezaliwa zamani angekuwa mfumaji wa kutisha.

Jumapili alasiri akaja shoga yake Bibi. Huyu alikuwa mfumaji mwenzake, mashine zao zilitazamana miaka kumi na minane, na mpaka leo wakikutana walizungumza robo kwa sauti na robo tatu kwa midomo. Chiriku alikuwa sebuleni, kishikwambi cha shule mapajani, hedfoni kubwa za rangi ya waridi kichwani. Shule yao iliwaruhusu kuja navyo nyumbani mwisho wa wiki kwa ajili ya mazoezi.

Alivua hedfoni, akasalimu. Shoga akamuuliza yuko darasa la ngapi, nani anamsumbua darasani, na kama yule mke mwenza wake anamtunza vizuri. Chiriku akajibu yote, tena kwa madaha, akaaga, akaenda nje kucheza.

Shoga alingoja mpaka mlango ukafungwa.

"Mtoto huyu amefanya kazi kiwanda gani?"

Bibi akacheka. "Nimemfundisha mwenyewe. Si nilikwambia ana kipaji?"

"Sikuulizi kama anajua. Nakuuliza kwa nini anafanya." Shoga aliweka kikombe chini. "Mimi nimemsalimu kwa sauti. Mtoto wa umri ule humtazama mgeni machoni, akiwa na haya humtazama miguuni. Huyu hajanitazama macho hata mara moja. Kanikazia mdomo mwanzo mpaka mwisho, kama mimi nawe."

"Ni mazoea ya mchezo."

"Haya," alisema Shoga, kwa namna ile ya mtu asiyekubali. Walizungumza mengine. Lakini aliposimama kuondoka alimshika Bibi mkono, akamwambia kwa midomo tu: Mpime.

Bibi alibaki pale kwenye kiti. Mambo ambayo miezi yote hiyo alikuwa ameyaona moja moja, sasa yakaanza kuja kwa foleni. Chiriku ameacha kuitika akiitwa kutoka jikoni. Mama yake aliiita jeuri, akamnyima katuni siku mbili. Chiriku anaongeza sauti ya televisheni mpaka jirani anagonga ukuta. Bibi mwenyewe alimtetea, maana na yeye alikuwa anafaidi. Na siku ile mtoto alipomuuliza, "Bibi, huyo mbu yuko wapi?" Bibi alichukua dawa akapuliza chumba kizima, chini ya kitanda na nyuma ya kabati, na bado mtoto akasema mbu analia.

Hakukuwa na mbu. Bibi alimfahamu sana mbu yule. Aliishi naye kichwani miaka thelathini.

Chiriku aliporudi na kukaa sakafuni na daftari lake, hedfoni zikiwa mezani, Bibi alisimama nyuma yake, hatua mbili hivi.

"Chiriku," alisema kwa sauti ya kawaida. Mtoto aliendelea kuandika. "Mke mwenzangu. Nimeamua kukupa hereni zangu za dhahabu."

Hereni hizo Chiriku alikuwa akiziomba tangu ana miaka minne. Penseli haikusita hata kidogo.

Bibi akazunguka, akasimama mbele yake, akasema maneno yale yale kwa midomo bila sauti. Chiriku akaruka juu. "Kweli, Bibi? Zote mbili?"

Hereni Bibi alimpa, ahadi ni ahadi. Kisha akamwita binti yake.

Mama yake Chiriku alifanya kazi ya kupokea simu za wateja katika ofisi moja kubwa, saa nane kwa siku hedfoni kichwani, akitukanwa na watu asiowajua. Akirudi nyumbani hakupenda kusikia shauri lolote lenye masikio ndani yake.

"Mama, hizi ni za watoto. Imeandikwa kwenye boksi, salama kwa watoto."

"Boksi lina masikio?"

"Jamani, Mama."

"Mimi siwezi kuzisikia, unajua. Ila nazishika." Bibi alibana hedfoni moja kati ya vidole viwili, kama alivyokuwa akishika ubavu wa mashine kujua kama inakwenda sawa. Kishikwambi kilikuwa kimewashwa, na plastiki ilikuwa ikitetemeka. "Kaa hapo. Mimi nakaa hapa, urefu wa mkono wangu. Chiriku, weka sauti unayosikilizia kila siku. Usinidanganye, sitakugombeza."

Chiriku aliweka. Mama yake alitega sikio.

"Unasikia?" Bibi aliuliza.

"Nasikia."

"Unasikia nini?"

"Maneno. Kila neno." Sauti ya mama ilikuwa imeshuka. "Anafundishwa kugawanya."

"Wewe uliye mbali unasikia mpaka hesabu. Basi aliyezivaa anasikiaje?"

Chiriku, kwa kumwonea mama yake huruma, akaeleza. Shuleni lazima uweke juu kabisa, la sivyo husikii mwalimu wa kwenye tableti, kwa sababu ya jenereta. Saa mbili nzima kila siku. Na ukirudi nyumbani ukapunguza, unaona kama imezimwa. Kwa hiyo hupunguzi.

Jumatatu walikwenda kituo cha afya. Mpima masikio alikuwa mama mwenye mwendo wa taratibu na kalamu mbili nywelani. Alimfungia Chiriku katika kijichumba cha kioo, akampa kitufe: kila ukisikia mlio, hata mdogo kama wa sindano inayoanguka, bonyeza. Bibi na binti yake walisimama nje. Bibi alitazama kidole cha mjukuu wake. Kidole kilibonyeza, kikabonyeza, kisha kikakaa. Mpimaji aligeuza kitasa, akachora nukta. Kidole kimekaa. Akageuza tena. Chiriku alikuwa anamtazama mpimaji mdomoni kupitia kioo, akitafuta jibu pale, na mpimaji alipoliona hilo akageuza kiti chake akampa mgongo.

Baadaye aliwaonyesha karatasi. Mstari ulikwenda vizuri, halafu upande wa milio myembamba ukaporomoka, masikio yote mawili, la kushoto zaidi.

"Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana," alisema. "Chukulia ni majani. Ukiyakanyaga mara moja, yanalala, kisha yanainuka. Ukikanyaga kila siku pale pale, inatokea njia, na juu ya njia hayaoti tena. Mtoto huyu, leo siwezi kujua ni wapi majani yamelala tu na ni wapi imeshakuwa njia. Apumzike wiki tatu. Hakuna hedfoni, hakuna televisheni ya kupasua ukuta. Kisha mnirudie."

"Na huyo mbu?" Bibi aliuliza.

Mpimaji alimtazama, akaelewa kwamba anaongea na mwenyeji wa mambo hayo. "Tutaona kama ataondoka, Bibi."

Wiki tatu si nyingi, isipokuwa kwa mtu anayezihesabu. Bibi hakuwa mtu wa kuhesabu akiwa amekaa. Jumanne asubuhi alivaa viatu vyake vya kufungwa kamba, vile vya kwenda kugombana, akaenda shuleni.

Chumba cha vishikwambi kilikuwa cha mwisho kwenye safu, zamani stoo ya madawati. Jenereta ilikuwa nje, chini ya dirisha. Bibi hakuisikia vizuri. Aliihisi kwenye nyayo. Alipokanyaga kizingiti tu, sakafu ilimweleza kila kitu. Watoto thelathini na wanne walikaa safu kwa safu, kila mmoja na hedfoni zake nyembamba, vichwa vimeinama, kimya. Kwa muda aliona ukumbi wa kufumia, na wasichana wake wa zamani wameinamia nyuzi.

"Shikamoo, Bibi," alisema mwalimu. Kijana mwembamba, tai shingoni, rundo la nyaya za chaji mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni bibi yake Chiriku."

Alimweleza yote. Kijana alisikiliza kwa adabu, akitazama saa kwa kuibia. Kisha akasema vifaa ni vya kisasa, shule nyingine zinavililia. Jenereta haina pa kuwekwa, na kelele yenyewe si kubwa kiasi hicho. "Watoto watazoea, Bibi."

Neno lile Bibi alikuwa amelibeba kifuani miaka mingi kuliko umri wa kijana huyu, na majibu yake aliyatunga mara elfu, akifua, akipika, akingoja usingizi. Yote makali, yote ya kumvua mtu nguo. Alimtazama kijana usoni akitafuta miwani. Hakuwa nayo. Alikuwa na chunusi mbili na wino kidevuni.

"Mimi nilizoea," alisema kwa upole. "Nitazame vizuri. Aliyezoea huwa hivi."

Kijana akaacha kutazama saa.

"Nakuomba kitu kimoja tu. Kipindi kikiisha, wavue hedfoni, na jenereta uizime isije ikawa kisingizio. Ujizibe mdomo kwa daftari. Uwaambie jambo dogo, sauti yako ya siku zote."

"Kwa nini nizibe mdomo?"

"Ziba tu, Mwalimu. Ukiona nimekupotezea muda, sirudi tena."

Kipindi kiliisha. Jenereta ilizimwa, na nyayo za Bibi zikatulia. Mwalimu alisimama mbele, akainua daftari mpaka puani, akasema, "Wekeni mkono wa kushoto kichwani."

Wengi waliweka papo hapo. Lakini hapa mmoja alimgeukia jirani yake kwanza, akaona, ndipo akaweka. Pale mwingine. Kule wawili. Mwalimu alihesabu kwa macho. Walikuwa tisa waliochelewa namna hiyo. Na kwenye dawati la nyuma kabisa kulikuwa na msichana mmoja aliyekaa peke yake, asiye na jirani wa kumtazama. Mikono yake ilibaki mezani. Alikuwa akitabasamu, macho yameganda kwenye daftari, akingoja lishuke aone kinachosemwa.

Mwalimu alishusha daftari polepole.

"Yule," alisema, akasita. "Yule mimi mwenyewe nilimhamishia nyuma. Kwa ukaidi wake, nilidhani."

Bibi alijua namna ya kumkandamiza mtu aliyeanguka, na alijua pia kwamba huyu alikuwa tayari anajiokota.

"Sisemi wameumia wote," alisema baadaye. "Pengine masikio yamechoka tu. Mimi si mpimaji, aje mwenye kazi yake. Una karatasi?"

Waliandika wote wawili, yeye akitamka na kijana akinyoosha sarufi. Mpima masikio aje awapime wote. Jenereta ihamishwe nyuma ya vyoo, waya urefushwe. Sauti ya kila kishikwambi ishushwe na kufungwa kwa namba ya siri ambayo watoto hawaijui. ("Wataijua," alisema Bibi. "Basi nitaibadilisha," alisema kijana.) Zitafutwe hedfoni zinazofunika sikio zima, kelele za nje zisimlazimishe mtu kupandisha za ndani. Kila nusu saa mtoto avue, atoke nje, masikio yapate hewa. Kijana alitia saini ya kwanza. Za wazazi Bibi alizifuata nyumba kwa nyumba na Shoga yake, siku nne, na saini ya pili kabisa ilikuwa ya mama yake Chiriku, aliyesema hataki maneno, lakini akauliza kama kuna barua ya namna hiyo kwa ajili ya ofisini kwao.

"Ipo," alisema Bibi. "Niko nayo kichwani. Nabadilisha jina la kiwanda tu."

Mwalimu Mkuu alivaa miwani. Bibi aliketi mbele yake, na muda wote barua ikisomwa hakumtazama mdomo, alimtazama mikono. Mikono ilifunua ukurasa wa kwanza. Ikafunua wa pili. Ikaikunja barua mara mbili, ikaitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

"Jenereta tunaweza kuisukuma kesho," alisema Mwalimu Mkuu. "Hayo mengine nipe wiki mbili."

Bibi alisema ahsante, akatoka, na alipofika nyuma ya ukuta wa shule akalia kidogo, hasa kwa hasira. Ndiyo hii tu? Ndicho kitu kilichoshindikana kufanywa kwa wafumaji hamsini na wanane? Mtu kusukuma chuma kutoka hapa kwenda pale, mtu kugawa pamba?

Siku ya ishirini na moja walirudi kituo cha afya. Chiriku aliingia kwenye kijichumba cha kioo na hereni za dhahabu masikioni. Mpimaji akamwambia azivue, zisigongane na hedfoni zake. Safari hii alimpa mgongo tangu mwanzo. Bibi alitazama kidole. Kilibonyeza. Kikabonyeza. Pale kilipokwama siku ile, kikasita, kikabonyeza. Binti yake alikuwa amemshika kiwiko, akimfinya bila kujua.

Mstari mpya ulichorwa kwa wino mwekundu juu ya ule wa zamani. La kulia limerudi lote. La kushoto limepanda, isipokuwa ncha ya mwisho, milio myembamba kabisa, hapo nukta zimebaki chini.

"Pale imeshakuwa njia?" Bibi aliuliza.

"Nadhani ni njia, Bibi. Haitarudi. Lakini ni ndogo, na akilindwa haitatanuka."

Mama yake Chiriku alishukuru mara tatu. Bibi aliitazama ile ncha ya mstari, akaiweka pale anapoweka mambo yake yote ambayo hataki kuyasahau.

"Mbu je?" alimuuliza Chiriku njiani.

"Usiku anakuja kidogo. Mchana ameacha."

Wiki hiyo Bibi alisema neno kwa midomo mezani, na Chiriku akalikosa. Akasema tena, akalikosa tena, akajibu upuuzi. Mtoto alinuna kwa kushindwa. Bibi alimkatia kipande kikubwa cha keki kuliko cha mtu mwingine yeyote, na mama alipouliza sababu akaambiwa haimhusu.

Baada ya chakula Chiriku alikwenda kukaa dirishani na kitabu, mgongo kwa watu. Bibi alibaki mezani. Alijikaza, akachagua sauti ndogo kuliko zote alizokuwa nazo, sauti ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuisikia, alihisi tu ikipita kooni.

"Mke mwenzangu," alisema, "hereni hizo zimekupendeza."

Chiriku hakugeuka. Alifunua ukurasa. Mabega yake hayakuonyesha kitu, na Bibi aliketi vile vile, mikono juu ya meza, akiutazama mgongo ule ambao haukuwa na mdomo wa kusomeka. Alihesabu mpaka tano. Akahesabu mpaka kumi.

Ndipo alipomgeukia binti yake, na kuona kwamba amejizuia kucheka.

"Amejibu?"

Binti yake, ambaye miaka yote alikataa kujifunza upuuzi ule wa kiwandani, aliegemea mbele, akaumba maneno polepole, akayatanua vibaya sana, bila sauti: Kasema anajua. Kasema usimsumbue, anasoma.